Sifa ya Bomba Tupu

Ramjeti ni injini ya ndege isiyo na turbini wala panga linalozunguka ndani yake: ni bomba linalopokea hewa kwa mbele, likaipunguza kasi ili mgandamizo wake upande, likaichoma pamoja na mafuta, kisha likaitoa nyuma kwa kasi kubwa kuliko ile iliyoingia nayo. Wazo hilo, lililoelezwa na Mfaransa René Lorin mwaka 1913, huwavutia mafundi wa roketi na ndege za kujiburudisha kwa kuwa linaonekana rahisi, ilhali kukosekana kwa vipuri vinavyozunguka hakuondoi kazi, bali huihamishia yote kwenye umbo la bomba lenyewe, na hapo ndipo ufundi huu unapostahili sifa.

Mdomo hauna budi kupanuka taratibu kuelekea ndani, kwani ukipanuka ghafla hewa hubanduka ukutani, huzunguka ovyo na kupoteza mgandamizo uliokusudiwa. Nako katika chumba cha mwako huwekwa kizuizi kidogo ambacho nyuma yake hewa hutulia kiasi cha kuubakiza mwali, kama kioo cha karabai ya mvuvi wa dagaa kinavyoukinga na upepo wa Ziwa Victoria.

Ziwa hilo linatoa kipimo kizuri. Mwaka 2018 ndege isiyo na rubani ya kampuni ya Wingcopter ya Ujerumani, katika mradi ulioshirikisha DHL na shirika la GIZ, ilifanyiwa majaribio ya kupeleka dawa kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe, ikakata kilomita 60 kwa wastani wa dakika 40. Kwa mwendo huo wa kilomita 90 kwa saa, hewa inayosimamishwa mdomoni mwa bomba huongeza mgandamizo kwa chini ya nusu ya asilimia moja, nao ni mdogo mno kuzaa msukumo wa maana, tena juu ya maji yaliyo mita 1,134 kutoka usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kuliko ya Tanga kwa takriban moja ya kumi. Waundaji wa ndege hiyo walitumia mota za umeme na mapanga, na walifanya vyema. Huko Marekani, kampuni ya Hiller ilijaribu njia ya mkato kwa kufunga ramjeti ndogo kwenye ncha za mapanga ya helikopta yake, Hornet. Iliruka, lakini ulafi wake wa mafuta ulikuwa wa kutisha.

Roketi ina hoja yenye nguvu zaidi. Kwenye mara mbili ya kasi ya sauti, mdomo uliochongwa bila dosari ungeweza kukaribia mara nane ya mgandamizo wa nje, na chombo hakilazimiki kubeba kemikali ya kutoa oksijeni, ambayo katika fueli ngumu ya kawaida huchukua zaidi ya nusu ya uzito. Hata hivyo, roketi saidizi lazima kwanza ikifikishe chombo kwenye kasi hiyo, hewa inayoingia hufikia nyuzi 260 za Selsiasi kabla ya kuchomwa, na sekunde chache baadaye chombo huwa kimepanda penye hewa haba. Ndiyo maana kazi kubwa ya fundi makini hufanyika ardhini, bomba likiwa limefungwa imara na kupulizwa hewa iliyoshindiliwa, huku akipima mgandamizo kwenye vitundu vya ukutani na kuongeza mafuta kidogo kidogo hadi ajue ni wapi mwali unapozimika.