Springi Zimekatwa na Gari Bado Linayumba

Mnaopita stendi ya Makambako asubuhi mmeiona. Toyota IST nyeupe ya toleo la kwanza, imekaa chini hadi ukingo wa fenda unakaribia kugusa tairi, rimu za inchi 17, tairi za 205/40 zilizo nyembamba ubavuni. Inapakia abiria wa Njombe, inarudi mchana, na siku za biashara nzuri inapitiliza hadi kona za Lukumburu kwenye njia ya Songea. Mwenye gari hafichi alichofanya wala sababu yake: alikata springi zote nne ili gari litulie kwenye kona. Nami sifichi ninachoona. Ni uamuzi mbovu kuliko wowote niliouona kwenye michomoko, magari madogo ya abiria, ya njia hii, na ubaya wake mkubwa ni kwamba haukuleta hata hicho kilichotafutwa. Abiria wamenyang'anywa starehe, na kona hazikupata utulivu.

Kazi nyingine kwenye gari lile ni safi: breki zimefanywa vizuri, injini haina kelele ngeni, taa zinamulika zinakotakiwa. Turudi kwenye springi.

Ugumu wa springi ya mviringo unakwenda kinyume na idadi ya mizunguko inayofanya kazi. Tuseme ilikuwa na mizunguko 6 na fundi akaondoa mmoja na nusu. Inabaki minne na nusu, na ugumu umepanda kwa theluthi moja. Wapenzi wa kukata watasema ndicho tulichokitaka. Sawa, lakini springi ile haikuongezwa ugumu peke yake, ilipunguziwa nafasi pia. Shokapu ni zilezile za urefu wa kiwandani, na sasa zinafanya kazi karibu na mwisho wa safari yao. Gari lenyewe lina uzito wa takriban tani moja. Weka watu watano, mabegi yao, na debe mbili za viazi nyuma, umeongeza karibu theluthi ya uzito huo. Kabla halijatoka stendi tayari linaegemea raba za kugotea. Kuanzia hapo abiria hawakalii springi tena, wanakalia kipande cha mpira.

Hapa ndipo penye kosa lenyewe, kwa hiyo nitakaa hapa. Gari linapoingia kona, uzito huhamia magurudumu ya nje. Springi yenye nafasi huupokea uzito ule kidogo kidogo, dereva anausikia mikononi, na tairi linapata muda wa kushika lami. Gurudumu la nje likigota kwenye raba, ugumu wa upande ule unaruka ghafla mara kadhaa. Tairi linapokea mzigo kwa pigo moja na kuanza kuteleza bila kutoa taarifa. Likigota la mbele, unakata usukani na gari linaendelea kwenda lilikokuwa linakwenda. Likigota la nyuma, mkia unatoka. Sasa weka jambo hilo Lukumburu, asubuhi ya ukungu, lami imelowa, lori la mbao linapanda kwa mbele yako. Mwenye gari alitaka gari linalotabirika kona, na amejitengenezea ambalo hubadilika tabia katikati ya kona.

Kuna la pili, ambalo mafundi wa kushusha magari hawalisemi. Mbele ya IST kuna mfumo wa MacPherson: shokapu ndiyo nguzo, na chini yake kuna mkono mmoja. Bodi inapolala kwenye kona hulala kwa kuzunguka sehemu fulani isiyoonekana kwa macho, na mahali pa sehemu hiyo panategemea pembe ya ule mkono. Shusha bodi sentimita 4, na sehemu ile haishuki sentimita 4. Hushuka zaidi, kwa sababu mkono umeacha kuinamia nje na umeanza kuinukia nje. Umbali kati yake na kitovu cha uzito unaongezeka, na umbali huo ndio wenzo unaolaza gari. Kwa maneno ya gereji: amepata springi ngumu zaidi, na papo hapo akazipa kazi kubwa zaidi ya kuzuia mlalo. Faida aliyoilipia imeliwa na pembe ya mkono.

Pembe hiyohiyo inaharibu na ukaaji wa tairi. Mkono ukishapita usawa, kila bodi inapozama zaidi tairi la nje hulalia bega lake la nje, wakati huo ndipo unalihitaji likanyage lote. Tairodi nazo hazikuhamishwa, kwa hiyo kila bonde dogo la barabara linavuta usukani kulia au kushoto bila ridhaa ya dereva. Nimekaa kiti cha mbele kwenye gari lile. Dereva anarekebisha usukani muda wote, hata kwenye lami iliyonyooka.

Na kukata kwenyewe kulifanywa kwa moto wa gesi. Chuma cha springi kimepewa ugumu wake kiwandani kwa joto lililopimwa; ukikichoma, sehemu ya jirani na mkato hupoteza sifa hiyo. Mwisho uliokatwa haukai tena sawasawa kwenye kikombe chake, na gurudumu likining'inia kwenye shimo springi inaweza kulegea na kuhama mahali pake. Sijui gereji yoyote makini inayoweza kuitetea kazi hiyo mbele ya mteja.

Gari lilikuwa linayumba kwa nini tangu mwanzo? Jibu analitoa mwenyewe anaposimulia: kabla ya kukata, likipita tuta liliendelea kunesa mara tatu, mara nne. Hizo ni shokapu zilizokufa. Springi huamua gari litashuka kiasi gani na litanesa kwa kasi gani. Shokapu huamua litanesa mara ngapi. Bonyeza kona ya gari lenye shokapu nzima kwa nguvu kisha uachie, linapanda, linarudi, linatulia. Linaloendelea kucheza halina tatizo la springi hata kidogo. Kwa hiyo ugonjwa ulikuwa wa shokapu, na mgonjwa akakatwa springi. Mbaya zaidi, shokapu iliyoshindwa kuituliza springi laini haiwezi kuituliza ile ngumu, kwa kuwa springi ngumu hurudisha kwa nguvu kubwa zaidi. Ndiyo maana gari lile leo linagonga na bado linayumba.

Wanaotetea ugumu husema kona zetu zinauhitaji. Tuhesabu. Kona yenye nusu kipenyo cha mita 60, ukiipita kwa kilomita 60 kwa saa, inadai nguvu ya pembeni isiyofika nusu ya uzito wa gari. Tairi zima la kawaida, lenye upepo sahihi, kwenye lami kavu, lina uwezo unaokaribia mara mbili ya huo. Dereva wa abiria hana ruhusa ya kuufikia mpaka wa tairi, na akijaribu, mama wa kiti cha nyuma atampigia kelele muda mrefu kabla tairi halijalalamika. Springi za michezo zina maana mwendo unapoishi karibu na mpaka ule. Kwenye kazi ya kila siku kati ya Makambako na Njombe, mshiko unapotea kwa sababu gurudumu limeruka juu ya lami mbovu, na gurudumu lililo hewani halishiki chochote. Springi laini yenye shokapu nzima hulirudisha chini mapema. Kwenye barabara zetu starehe na ushikaji wa kona vinatoka kwenye shokapu moja.

Hili lilijulikana hapa kwetu zamani. Bert Shankland, aliyeishi na kufanya kazi Dar es Salaam, alishinda mbio za magari za Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1966 na tena 1967 akiwa na Chris Rothwell ndani ya Peugeot 404. Nick Nowicki na Paddy Cliff walishinda na gari la aina hiyohiyo mwaka 1963 na 1968, miaka miwili ambayo magari 7 tu yalifika mwisho. Tazameni lilivyoundwa: mbele MacPherson, mfumo uleule wa IST, nyuma ekseli nzima juu ya springi za mviringo. Lilikuwa na springi laini, safari ndefu ya gurudumu, na shokapu ambazo Peugeot iliziunda yenyewe. Lililala kwenye kona, ndiyo, picha zipo. Lakini lililala taratibu, likafika kipimo chake likatulia, na magurudumu yote manne yakabaki kazini. Gari lile lilibeba familia siku za kazi na kushinda mashindano makali kuliko yote ya Afrika siku za Pasaka. Mdogo wake, 504 iliyotoka mwaka 1968, ilifuata njia hiyohiyo, na ile ya kubebea watu wengi ilipewa springi nne za mviringo nyuma, mbili kila upande. Mzigo uliongezwa springi, haukukatiwa. Hakuna gari la abiria lililopita njia zetu baadaye likaielewa barabara kuliko lile.

Toyota nayo imewahi kujibu swali hili kwa uaminifu. Mark II ya mwaka 1996, ile mnayoiita GX100, ilikuja kama Grande kwa anayetaka ulaini na kama Tourer kwa anayetaka mwendo. Mnunuzi alichagua kiwandani, shokapu na springi zikiwa zimepangwa pamoja. Hakuna aliyetoa Grande dukani akitegemea msumeno wa fundi uimalizie.

Spesa nazo nizitaje, kwa sababu Njombe mjini kuna IST nyingine iliyonyanyuliwa kwa spesa. Kuweka raba juu ya springi ili gari lipite makorongo kunapandisha kitovu cha uzito, kunazikunja jointi za ekseli muda wote, na kunaikuta shokapu ikiwa imeshavutika karibu na mwisho wa kupanda. Ni kosa lilelile limegeuzwa. Na shokapu za mtumba kutoka Japani zinazouzwa zikiwa zimefutwa vumbi na kupakwa mafuta: ulizia zimetembea kilomita ngapi, hakuna atakayekujibu.

Rimu sasa. Tairi la kiwandani la gari hili ni 185/65R15, ubavu wake una milimita 120. Ubavu wa 205/40R17 una 82. Umeondoa karibu sentimita 4 za hewa, ambayo ndiyo springi ya kwanza ya gari lolote, na mahali pake umeweka aluminiamu. Kipenyo kizima kimepungua kutoka milimita 621 hadi 596, kwa hiyo gari limeshuka zaidi ya sentimita moja nyingine hata kabla ya springi kukatwa, na mshale wa mwendo unaongeza kama asilimia 4. Gurudumu zito lenye ubavu mfupi ndilo zigo gumu kuliko yote kwa shokapu, na hapa limepewa shokapu mfu.

Nasisitiza haya yote kwa sababu ya barabara inayoanzia Itoni kwenda Ludewa. Kipande cha Lusitu hadi Mawengi, kilomita 50, kimejengwa kwa zege, uamuzi sahihi kwa milima ile, kwa mvua ile, na kwa malori mazito yatakayopita chuma cha Liganga na makaa ya Mchuchuma vikianza kuchimbwa kwa wingi. Michomoko nayo imeshaanza kuitazama njia ile. Zege lina maungio. Vibamba kwa kawaida hukatwa kila mita 4 hadi 5, chukua 4.5, endesha kilomita 70 kwa saa, unapata zaidi ya mapigo 4 kila sekunde. Mwili wa mtu aliyekaa huumizwa zaidi na mtikisiko wa wima wa kati ya mapigo 4 na 8 kwa sekunde. Gari lenye springi zake halisi, zinazonesa polepole, karibu mara moja na kidogo kwa sekunde, huzuia sehemu kubwa ya mapigo hayo yasifike kwenye kiti. Lililogota kwenye raba huyapitisha yote hadi uti wa mgongo wa abiria, njia nzima, kwenda na kurudi.

Kwa hiyo, kaka mwenye IST: tafuta springi nne za chesisi yako, zisizokatwa, na shokapu nne mpya kwa pamoja, si jozi moja leo na nyingine mwakani. Badilisha mauntingi za juu, raba za kugotea na bushi za boriti ya nyuma wakati gari limefunguliwa. Rudisha 15 na tairi la 185/65; rimu za 17 zina wanunuzi mjini na zitalipia sehemu ya kazi. Kisha alaimenti ya mashine, si ya uzi. Na mwambie fundi bushi za mikono azikaze mwisho kabisa, gari likiwa limesimama kwa uzito wake juu ya tairi zake nne. Akizikaza likiwa linaning'inia kwenye jeki, mpira utabaki umejisokota kila siku ya kazi, na utapasuka kabla ya masika.