Kinacholia Kwenye Stelingi

Mkulima wa kahawa wa Muleba hana haja ya kupasua buni ili ajue imekauka. Huchota chache pale zilipoanikwa, akazitikisa karibu na sikio: mbegu ikigongagonga ndani ya ganda, imekauka, ikikaa kimya, hurudi juani. Fundi mzuri wa magari huyafanya hayohayo kwa chuma. Gari likiletwa kwa malalamiko kwamba stelingi inalia, hutikisa na kusikiliza kabla hajashika spana. Ninaisifu kazi hiyo ya kusikiliza kwa sababu ndiyo ufundi wenyewe. Kufungua na kufunga bolti ni sehemu nyepesi. Tena nasema gari la umeme, ambalo wengi wanadhani litamnyang'anya fundi huyu riziki, ndilo litakalomhitaji kuliko magari yote yaliyolitangulia.

Sababu ya kwanza ni ukimya. Mngurumo wa dizeli huficha mengi, na dereva anaweza kutembea miezi na bushi iliyokufa asijue. Gari kama Nissan Leaf, lililoingia sokoni mwishoni mwa mwaka 2010, halina cha kufichia: zinabaki sauti za matairi, upepo, na kila kiungo kilicholegea. Ya pili ni uzito: lina takriban tani moja na nusu, na betri imelala chini ya sakafu. Sasa lipeleke gari hilo mkoani Kagera. Lami ya Bukoba hadi Muleba ina vilima na kona, lakini si adui. Adui ni njia za udongo mwekundu unapochepuka kwenda vijijini. Bukoba hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, zaidi ya mara tatu ya Dodoma. Mpira unaofunika kiungo ukichanika, tope huingia, grisi hutoka, na chuma huanza kusaga chuma. Atakayeniambia kwamba magari ya umeme bado ni ya miji mikubwa, namwomba aangalie gari ndogo za Vitz, Ist na Passo zilizojaa barabarani. Nyingi zina stelingi inayosaidiwa na mota ya umeme, utaratibu ambao Suzuki waliuweka kwenye Cervo huko Japani mwaka 1988. Sehemu ya gari la umeme ninayoizungumzia hapa ilikwisha kufika Bukoba zamani.

Uchunguzi wenyewe ni mzuri kuutazama. Kwanza gari hukaa chini kwa matairi yake, maana likipandishwa jeki uzito huondoka kwenye viungo, na kilicholegea kinaweza kujifanya kizima. Msaidizi huketi kwenye kiti cha dereva na kuyumbisha usukani kidogo tu, kushoto, kulia, kushoto, kulia. Fundi huingia chini na kuweka vidole viwili kwenye ungio la tairodi, kimoja upande huu wa ungio, kingine upande ule. Kiungo kizima hutembea kama kitu kimoja. Kikiwa kimelika, kidole kimoja hutangulia kingine kidogo sana, pungufu ya unene wa ukucha, na hapo msako umekwisha. Vidole hutumika kwa sababu sikio hudanganywa: chuma husafirisha sauti, kinacholia kulia kikasikika kushoto. Baada ya hapo kila mlio una kwao. Springi inayoruka kwa kishindo usukani ukikatwa gari likiwa limesimama huelekeza kwenye beringi ya juu ya shokapu iliyogoma kuzunguka. Kugonga kwenye mashimo usukani ukiwa umenyooka humfanya aanzie kwenye stabilaiza linki. Mkwaruzo kama wa karatasi chini ya honi mara nyingi hutoka kwenye utepe wa nyaya unaojikunja na kujikunjua humo. Na mvumo laini wa mota, gari likiwa limesimama, si ugonjwa. Fundi mwaminifu husema hivyo na kumwacha mteja aende bila kumtoza kipuri.

Wapo wanaosema kompyuta itamaliza yote haya. Kompyuta ya gari husoma umeme: sensa inayopima nguvu ya mkono wa dereva, mota, volti. Inafaa sana pale mota inapokataa kusaidia. Lakini bushi iliyokauka haina waya, na haitaandika chochote kwenye kioo. Wengine huona bila mashine ni kubahatisha tu. Kemondo, hukohuko Kagera, yamechimbuliwa mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma za tangu enzi za kale, na watafiti Peter Schmidt na Donald Avery waliandika kuhusu ufundi huo katika jarida la Science mwaka 1978. Wahunzi wale hawakuwa na kipimajoto, na chuma kilipatikana.

Hoja ya kubadilisha kila kitu cha mbele kwa mkupuo, ili kuokoa muda, ninaiogopa zaidi kwa sababu inavutia. Kama mlio unatoka kwenye ungio la fimbo ya usukani, karibu na miguu ya dereva, vipuri vyote vipya vya mbele havitaunyamazisha. Mteja atakuwa amelipia vizima kutupwa. Tena tairodi ikibadilishwa, matairi lazima yapangwe upya, la sivyo hulika upande. Hoja moja naikubali bila ubishi: umeme wa gari hizi unaweza kuua. Nyaya za rangi ya machungwa hubeba volti zaidi ya 300, na asiyefunzwa asiziguse. Jeki nayo isiwekwe chini ya betri. Hayo yafundishwe kwenye vyuo vya ufundi vya VETA sambamba na bisibisi na grisi.

Kazi ikiisha, redio huzimwa, vioo hupandishwa, na gari hurudishwa kwenye shimo lilelile lililoliliza asubuhi, kwa mwendo uleule. Fundi hushika usukani kwa vidole, bila kuukaza, na kungoja.