Kuazima si kukopa: Kiini cha utata wa ‘borrow’ na ‘lend’

INGIA katika darasa la shule ya msingi humu nchini na huenda ukamsikia mwanafunzi akimwambia mwenzake: “Borrow me your pen.” Mwalimu wa Kiingereza humkemea papo hapo: “Sema lend me!” Mtoto hujirekebisha, kisha kesho yake huyarudia yale yale. Je, ni uzembe? La hasha! Mtoto huyo anafuata sarufi ya Kiswahili, ila anaitamka kwa Kiingereza.

Tuanze na Kiingereza chenyewe. Lugha hiyo huangalia nani anatoa na nani anapokea. Anayepokea hutumia kitenzi ‘borrow’ ilhali anayetoa hutumia ‘lend’. Neno ‘loan’ aghalabu ni nomino, ingawa Wamarekani hulitumia pia kama kitenzi cha anayetoa. Kiingereza hakijali kitakachorudishwa ni kipi. Kitabu, pesa na kikombe cha sukari, vyote hutumiwa na ‘borrow’.

Kiswahili kinagawa mambo kwa njia nyingine. Chenyewe huuliza: ni nini kitakachorudi? Ukiazima jembe, sharti urudishe jembe lilo hilo. Ukikopa Sh1,000, hakuna anayekutarajia urudishe noti zile zile. Unarudisha thamani yake. Hali kadhalika, unga uliokopa kwa jirani umeshasongwa ugali ukaliwa, kwa hivyo utampelekea mwingine. Wanasheria wa Roma ya kale waliuchora mpaka uo huo: ‘commodatum’ kwa kitu kinachorudi chenyewe, ‘mutuum’ kwa kile kinachorudishwa kwa kiasi na aina sawa.

Je, Kiswahili huonyeshaje nani ametoa na nani amepokea? Kazi hiyo hufanywa na viambishi. Kukopa ni kupokea. Tukiongeza kiambishi cha kutendesha tunapata kukopesha, yaani kutoa. Kuazima nako huenda pande zote mbili. “Nimeazima jembe” ina maana kwamba nimelipokea. “Nimemwazima jembe” ina maana kwamba nimelitoa. Tofauti imebebwa na kiambishi kimoja tu cha mtendwa. Ndiposa mtoto anayejua kusema “Niazime kalamu” huona ni sawa kabisa kusema “borrow me”. Kumsahihisha bila kumweleza jambo hili ni sawa na kutwanga maji kwenye kinu.

Kosa la mtoto huyo, hata hivyo, ni dogo likilinganishwa na letu watu wazima. Tunaitumia mizani ya Kiingereza kupimia Kiswahili. Husikika watu wakisema kwamba fulani “ameazima pesa benki”. Wanahabari wa spoti nao huandika kuwa mchezaji amejiunga na klabu “kwa mkopo”. Jamani, mchezaji hurudi yeye mwenyewe, si mwingine wa thamani yake! Huyo ameazimwa. ‘Mkopo’ hapa ni tafsiri sisisi ya ‘loan’. Najua matumizi haya yameshika mizizi, na sitarajii kuyang’oa kwa makala moja, ila tujue tulichopoteza.

Na hasara yake si ya wanaisimu pekee. Chukulia chama cha akina mama kinachomiliki hema. Mwanachama analichukua kwa ajili ya harusi na katibu anaandika kitabuni: “Amekopa hema.” Hema linararuka. Mwanachama anarudi na jingine la bei sawa na hilo, lakini hafifu, akidai kwamba mkopo ameulipa. Wenzake wanalitaka hema lao, likiwa limeshonwa vizuri. Kwa neno lililo kitabuni, mkosaji ana hoja! Lau katibu angeandika “ameazima”, mjadala ungeisha kabla ya chai kupoa.

Kwa hivyo, ukitafsiri ‘borrow’, ‘lend’ au ‘loan’, usikimbilie kamusi kwanza. Jiulize maswali mawili: Nani anatoa? Kinachorudi ni kile kile au ni mfano wake? Swali la kwanza litakupa kiambishi. La pili litakupa mzizi. Naye mwalimu wa Kiingereza akimweleza mwanafunzi hivyo, huenda kesho asilazimike kumkemea tena.