Jicho la Kondoo Lisomwe Juani

Mfugaji wa kondoo katika viunga vya Kampala ana adui mmoja mkubwa kuliko wote: mnyoo wa tumbo uitwao Haemonchus contortus. Mvua ya Machi hadi Mei, kisha ile ya Septemba hadi Novemba, huacha nyasi mbichi, na kondoo hung'ata karibu na ardhi, palepale lava wa mnyoo huo walipojaa. Mnyoo mmoja hufyonza takribani mililita 0.05 za damu kwa siku. Ikifika 5,000, robo lita imekwenda.

Jibu lililobuniwa Afrika Kusini miaka ya 1990 ni kadi ya FAMACHA, iliyopewa jina la daktari wa mifugo Faffa Malan. Ina rangi tano za kulinganisha na utando wa jicho: namba 1 ni wekundu wa damu tele, namba 5 ni weupe wa mnyama anayekaribia kufa. Waliobuni hawakutaka kadi iuzwe kiholela kama kalenda. Aliyeipata alipaswa kufundishwa kwanza. Kwangu, uamuzi huo una uzito kuliko kadi yenyewe.

Kazi yote imo vidoleni. Gumba la juu linashusha kope ya juu hadi ifunike jicho, kisha linakandamiza kidogo. Gumba la chini linavuta kope ya chini, na utando wa ndani unachomoza wenyewe. Anayeanza hukosea hapa: husoma ngozi ya ndani ya kope aliyoivuta, badala ya utando uliochomoza. Au hukawia, utando ukaiva wekundu kwa kushikwashikwa. Au hupima ndani ya banda, ambako kila rangi hudanganya. Macho yote mawili hutazamwa, na lililo jeupe zaidi ndilo huandikwa. Hayo picha ya ukutani haifundishi.

Wenye 4 na 5 hupewa dawa. Wana-kondoo na majike wenye mimba hata wakiwa na 3. Waliobaki huachwa makusudi, ili minyoo isiyozoea dawa iendelee kuzaliana malishoni. Si nadharia tupu: mwaka 2014 watafiti wa Makerere waliandika kuhusu minyoo sugu kwa mbuzi wa Uganda, na kadi hii waliijaribu humo humo. Kunywesha zizi zima kila mwezi, desturi ya wengi, ndiko kunakozaa usugu.

Lakini weupe wa jicho unaweza pia kuletwa na kupe au minyoo ya ini, hivyo darasa zuri huwa na hadubini na kinyesi cha kuhesabia mayai. Tena lisiwe la siku moja, watu thelathini wakimzunguka mwalimu na kondoo mmoja. Kila mtu ashike wake, aandike namba, arudi baada ya wiki mbili mvua ikiendelea, aone kama yule aliyempa 3 amefikia 4.