Kishindo cha Wajerumani

Kaka yangu na mwanawe hawasemezani vizuri tangu Idi iliyopita, na chanzo ni muziki. Kijana alikuwa akisikiliza tekno ngumu ya Kijerumani. Baba akamwambia hiyo ni kelele ya karakana, na kwamba amekuwa mtumwa wa Wazungu. Kijana naye akajibu kwa majivuno kuwa ndiyo, ni ya Wajerumani, na hakuna iliyo ngumu kuizidi. Toka siku hiyo shikamoo yake imekuwa ya mdomoni tu. Mimi niliyewasikia wote wawili naona kila mmoja amekosea.

Nianze na mkubwa. Yeye katika muziki hutafuta mwimbaji, ubeti na kiitikio. Asipovipata husema hamna kitu. Nakiri nami nilikuwa hivyo. Mara ya kwanza nilisikia kishindo tu. Mara ya tatu nikang'amua kwamba ngoma kubwa haibadiliki makusudi, ili sikio lifuate mambo madogo: upatu unaoingia kwa kuchelewa, sauti nzito inayofunguka polepole kama mlango. Aliyewahi kukesha ngomani hahitaji kufundishwa kwamba kurudiarudia si umaskini wa mawazo.

Tena ugumu ule ulikuwa na mahali pake. Ukuta wa Berlin ulipoanguka mwaka 1989, upande wa mashariki ulikuwa na majengo mengi matupu. Mwaka 1991 klabu ya Tresor ilifunguliwa chini ya ardhi, katika chumba cha hazina cha lililokuwa duka kubwa la Wertheim. Dari ilikuwa fupi, na visanduku vya kuwekea mali vilikuwa vimeota kutu. Vijana wa pande mbili za mji wakacheza humo gizani, kwa muziki usiokuwa na maneno ya kuwagawa. Pahala kama pale pangedai muziki wa namna gani, kama si huo?

Sasa kijana. Anadhani ugumu huo umezaliwa Ujerumani. La hasha! Tekno ilitoka Detroit, Marekani, katika miaka ya 1980, mikononi mwa vijana weusi: Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson. Ni kweli kwamba wao nao walisikiliza Kraftwerk wa Düsseldorf. Muziki haujui mpaka. Lakini hata santuri ya kwanza ya lebo ya Tresor, mwaka 1991, ilikuwa ya X-101, yaani Jeff Mills, Mike Banks na Robert Hood, weusi wa Detroit wa kundi la Underground Resistance. Mwaka 2024 Ujerumani iliiingiza tekno ya Berlin katika orodha yake ya urithi wa utamaduni. Inastahili. Ila mrithi mwema humtaja aliyemwachia.

Kosa lake la pili ni kuamini kwamba kigumu zaidi ndicho bora zaidi. Siku hizi wapo wanaopiga midundo 150 kwa dakika na kupita. Mwendo huo una raha yake, sikatai, lakini mara nyingi hauachi nafasi kati ya pigo na pigo, na ni katika nafasi hiyo ndimo yale mambo madogo hukaa. Mills hupiga kwa nguvu, na bado unasikia kila kitu kikiingia na kutoka. Pilipili nyingi mno huficha mchuzi uliochacha.

Hivyo baba amemwita mwanawe mtumwa wa Wazungu kwa sababu ya muziki uliobuniwa na weusi, na mwana akakubali tusi hilo kama sifa. Nimeitafuta ile rekodi ya X-101. Jumapili nitawaalika wote wawili kwangu, nitaiweka, wala sitasema imetoka wapi mpaka iishe.