Kiti cha Pikipiki Ndiyo Meza

Ng'ombe akihimilishwa kisha asishike mimba, lawama huenda kwa mbegu, au kwa ng'ombe mwenyewe, na pengine kwa dume ambaye hata hakuonekana. Mara chache mfugaji huuliza bunduki ya kuhimilishia ilipakiwaje. Nimewaangalia wahimilishaji wakifanya kazi nchini Kenya, kuanzia Kwanza na Kiminini upande wa Kitale hadi Kimilili na Chwele upande wa Bungoma, na ninaamini kwamba nafasi nyingi za mimba hupotea katika zile dakika mbili tatu kabla mkono haujaingia kwa ng'ombe.

Zamani mazingira yalikuwa mengine. Kituo kikuu cha uhimilishaji kilianzishwa Kabete mwaka 1946, na baadaye gari la serikali lilipita njia maalumu kwa saa zinazojulikana, wafugaji wakiwapeleka ng'ombe kwenye vibanio kando ya barabara. Miaka ya 1990 serikali ilipojiondoa katika huduma hiyo, kazi iliangukia watu binafsi wenye pikipiki na mtungi mdogo wa naitrojeni ya kimiminika. Mhudumu hufika bomani, na popote anaposimama ndipo maabara yake ilipo.

Anayeijua kazi huanza na mahali. Hutafuta kivuli kisicho na upepo, hatua chache kutoka kwa ng'ombe, kisha husubiri mpaka ng'ombe afungwe vizuri. Hapo ndipo watu hukosea: mbegu inayeyushwa, kumbe ng'ombe bado anakimbizwa kwenye migomba. Juu ya kiti cha pikipiki hutandazwa taulo safi, na vifaa vikapangwa kwa mfuatano wa matumizi: kibanio, themosi ya maji, karatasi ya shashi, mkasi, bunduki, ala ya plastiki, glavu. Nafasi ni finyu, kwa hiyo kila kifaa kikishatumika huondolewa. Mtungi haukai juu ya kiti. Hukaa chini, wima, mahali penye hewa, kwa sababu mvuke wa naitrojeni ukijaa katika chumba kilichofungwa humnyima mtu pumzi.

Ndani ya mtungi kuna nyuzi 196 chini ya sifuri. Mhudumu makini hutumbukiza rula ya mbao, huitoa, na kusoma kimiminika kimefika wapi kwa ile barafu nyeupe inayojitokeza kwenye mti. Mtungi ukitoa barafu kwa nje, jua kuta zake zimeharibika. Barabara za mashimo hufanya hivyo, hasa mtungi ukifungwa vibaya.

Kikopo chenye mirija ya mbegu hakitolewi nje. Huinuliwa hadi chini kidogo ya mdomo wa mtungi, mrija mmoja huchukuliwa kwa kibanio, na kikopo hurudi chini ndani ya sekunde nane hivi. Anayekiinua juu ili asome majina ya madume kwa utulivu anaiharibu mirija yote, hata ile ya wateja wa kesho, na uharibifu huo hauonekani kwa macho.

Mrija huingia mara moja katika maji ya nyuzi 35 hadi 37 na kukaa humo walau sekunde 40. Kipimajoto cha bei ndogo kinatosha, kidole hakitoshi. Kisha hufutwa ukakauka kabisa, kwa kuwa tone moja la maji likigusa mbegu huiua. Fimbo ya bunduki huvutwa nyuma kadiri ya urefu wa mrija, mrija ukaingizwa ukitanguliza upande wenye kizibo cha pamba, na ncha iliyofungwa ikakatwa wima, si mshazari. Mkato wa mshazari hauketi sawasawa ndani ya ala, na mbegu hurudi nyuma badala ya kwenda mbele.

Hapa ndipo Kitale na Bungoma zinapotofautiana. Kitale ipo karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi huwa na baridi kali. Bunduki ya chuma iliyolala nje ikipokea mrija wenye joto la mwili, mbegu hupata mshtuko wa baridi. Kwa hiyo bunduki husuguliwa kwanza kwa shashi, na ikishapakiwa huwekwa ndani ya shati, ikigusa kifua. Bungoma ipo chini zaidi, karibu mita 1,400, na mchana adui ni jua. Huko bunduki hufichwa vilevile, lakini ili isipate mwanga wala joto la ziada. Taulo moja, shati moja, sababu mbili zinazopingana.

Bunduki ikishapakiwa, muda unaanza kuhesabika. Ndani ya dakika 15 mbegu iwe imeshawekwa, mbele kidogo tu ya mlango wa mfuko wa uzazi. Na haya yote hayana faida kama saa yenyewe si yake: ng'ombe aliyeonekana akisimama kupandwa na wenzake asubuhi huhimilishwa jioni, na wa jioni huhimilishwa kesho yake asubuhi.

Mfugaji ana haki ya kusogea na kutazama. Aulize kama mhudumu ana leseni ya Bodi ya Madaktari wa Mifugo, aone themosi ikipimwa, na baada ya kazi aombe mrija uliotumika. Umeandikwa jina na namba ya dume. Uwekwe pamoja na kadi ya ng'ombe, ili miaka mitatu ijayo mtamba atakayezaliwa asipandishwe kwa baba yake. Kuanzia siku ya 18 hadi ya 24 baada ya kuhimilishwa, ng'ombe aangaliwe asubuhi na jioni kama amerudi kwenye joto.