Saa Haioni Tui

Jioni pale Ngomeni, Mombasa, viazi karai vikianza kugeuka rangi kwenye mafuta, haikosi mikono yenye saa janja inayonyooshwa kupokea sahani. Saa hizo hutoa hesabu ya kalori, na wengi huisoma kana kwamba ni hesabu ya chakula. Sivyo. Saa nyingi zilizoko madukani hukadiria kalori ulizotumia, kwa kuchanganya mapigo ya moyo, mwendo wa mkono, na umri, uzito na urefu uliojaza mwenyewe siku ya kwanza. Kalori ulizokula huziingiza wewe kwenye simu. Usipoandika bajia, kwa saa hakuna bajia.

Hata upande huo wa kutumia, hesabu yenyewe inayumba. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walijaribu vifaa saba vya mkononi kwa watu 60 na kuchapisha matokeo mwaka 2017. Mapigo ya moyo yalisomwa vizuri: vifaa sita kati ya saba vilikosea kwa chini ya asilimia 5. Kalori ndizo zilizovishinda. Kifaa kilichofanya vizuri kuliko vyote kilikosea kwa asilimia 27, na cha mwisho kwa asilimia 93.

Wapo hata hivyo waliodai kusoma chakula kupitia ngozi. Mwaka 2014 kampuni ya Healbe, yenye asili ya Urusi, ilichangisha zaidi ya dola milioni moja kwenye mtandao wa Indiegogo kwa ajili ya bangili yake ya GoBe. Maelezo yao yalikuwa hivi: ukila, sukari hupanda kwenye damu, seli zikiipokea sukari hiyo, hutoa maji, bangili hupitisha umeme hafifu kwenye ngozi na kuhisi maji hayo yanavyobadilika, kisha hurudi nyuma kwa hesabu hadi ifikie kalori.

Mnyororo huu una vipingili vingi mno. Maji ya mwilini hubadilika kwa jasho, kwa chumvi, kwa glasi ya maji ya ndimu, na mwezi wa Februari hapa Kisiwani jasho si jambo la kudhaniwa. Tena sukari ya damu hueleza zaidi habari za wanga. Mafuta, yenye kalori 9 kwa kila gramu dhidi ya 4 za wanga, huipandisha sukari hiyo kidogo sana. Wagonjwa wa kisukari wanaovaa kihisi chenye uzi mwembamba unaoingia chini ya ngozi wanalijua hili: kipande cha mkate wa sinia hupandisha mstari kwenye simu upesi, na mishkaki iliyonona huenda isiutikise sana, ijapokuwa nayo imebeba kalori zake. Kihisi hicho hupima sukari yenyewe, si kivuli chake, na bado hakikwambii umekula kalori ngapi. Sasa bangili iliyokaa juu juu ya ngozi itajuaje?

Jibu lilitafutwa katika Chuo Kikuu cha California, Davis, na utafiti ukachapishwa mwaka 2020. Namna ulivyofanywa ndiyo inayonipa imani nao. Watu 25 walivaa toleo la pili la bangili hiyo kwa vipindi viwili vya siku 14, wakala vyakula vilivyoandaliwa na kuhesabiwa kwenye jiko la chuo, kisha hesabu ya jiko ikalinganishwa na ya bangili. Kwa wastani bangili ilipunguza kalori 105 tu kwa siku. Mtangazaji wa bidhaa angeikata karatasi hapo na kuondoka nayo. Lakini wastani huo ulipatikana kwa sababu makosa ya juu na ya chini yalikuwa yakifutana. Ukitazama siku moja moja, tofauti ilitawanyika kutoka pungufu ya kalori 1,400 hadi ziada ya 1,189. Yaani aliyekula 2,000 angeweza kuambiwa 600, au karibu 3,200. Wa kwanza angedhani amefunga, wa pili angedhani ametoka arusini.

Jambo jingine ndilo lililonifikirisha zaidi. Aliyekula kidogo, bangili ilimzidishia. Aliyekula sana, ikampunguzia. Hivyo ndivyo ingetokea hata kama ungekaa barazani ukamkadiria kila mpita njia kwa idadi ile ile ya kati. Kifaa kinachovutwa katikati namna hiyo hakisemi mengi kuhusu sahani ya leo. Watafiti walitaja pia kupotea kwa mawimbi ya kihisi kwa vipindi kuwa chanzo kikubwa cha makosa. Mji wa Kale, ambako mtu huvua saa kutia udhu mara kadhaa kwa siku na pengine kuisahau juu ya kabati, mapengo hayo hayatapungua.

Njia iliyonikinaisha zaidi ni ya kamera, na humo wamo Wakenya. Watafiti wa Imperial College London na wenzao walitumia kamera ndogo, moja ya kubandikwa kwenye miwani na nyingine ya kuvaliwa kifuani kama kifungo, kwa watu wenye asili ya Ghana na Kenya wanaoishi London. Kamera hupiga picha zenyewe wakati mtu anakula. Programu hutambua chombo na chakula, hukadiria umbali na mwinamo wa kamera, kisha hutoa kiasi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2024. Programu ilikosea kiasi cha chakula kwa asilimia 31.9 kwa wastani, na wataalamu wa lishe waliokadiria kwa macho walikosea kwa asilimia 40.1. Imewashinda, ndiyo. Lakini kwa wali wa gramu 400 kosa hilo ni kama gramu 128, na hapo hatujafika kwenye kalori.

Kufika kwenye kalori ndiko kugumu kwetu. Chukua mbaazi za nazi. Mpishi mmoja huzichemsha kwa tui jepesi, akatia kasimile mwishoni hadi mchuzi ushike mwiko. Mwingine, nazi zikiwa ghali, huongeza maji na kunyamaza. Mabakuli mawili, rangi moja, na kamera itayasoma sawa. Mahamri nayo hunywa mafuta kulingana na moto ulivyo, na kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ni kama kalori 120. Serikali ya Kenya na FAO walitoa mwaka 2018 jedwali la virutubishi vya vyakula vyetu pamoja na kitabu cha mapishi. Yeyote anayetengeneza programu ya kalori kwa ajili ya Mombasa aanzie hapo, badala ya kututafutia mahamri kwenye orodha za Wamarekani. Ila jedwali hutoa mapishi ya wastani, nalo halijui bei ya nazi ya wiki hii.

Kisha kuna sinia. Watu wanne au watano wamelizunguka, kila mmoja anakula upande wake, nyama iko katikati, na mwenye ukarimu anamsukumia mgeni mnofu wake. Picha inaonyesha sinia likipungua. Kugawa upungufu huo kwa kila mlaji kunahitaji kufuata kila tonge linapokwenda, na kamera ya kifuani kwangu inaona zaidi mkono wangu.

Nani basi ataivaa? Kwenye harusi za Mji wa Kale, siku ya kupamba, simu za kamera huzuiwa mlangoni ili wanawake wajifunue kwa raha. Mlangoni hapo, kifungo kinachopiga picha chenyewe kitakuwa cha kwanza kuvuliwa, na pilau italiwa bila hesabu.